Chenso ya Marehemu

Rafiki yangu mmoja, fundi wa mashine ndogondogo, aliletewa chenso, ule msumeno wa injini, na shemeji yake, mjane wa kaka yake. Kaka huyo alikufa kwa kuangukiwa na mti aliokuwa akiukata kwa chenso hiyo.

"Itengeneze niiuze," mjane alisema bila hata kuketi. "Na pole zenu nimezichoka. Siku ile hakurudi, na hakuna aliyekwenda kumtafuta."

Fundi aliipokea, akaifungua. Alibadilisha silinda, pistoni na kabureta, zote spea za kuiga. Ikawa inawaka, lakini ukiipa mafuta inakabwa na kuzima. Mchana mmoja wa mvua akagundua kuwa inavuta hewa kwenye ufa wa mpira wa kabureta. Akaubadilisha, akafunga mlango wa karakana yake isiyo na dirisha, akaiwasha na kuanza kulegeza skrubu ya mafuta kidogokidogo. Mnyororo wa meno na bapa la chuma unalozungukia alikuwa bado hajavifunga.

Umeme ukakatika. Gizani injini ikatulia, ikanguruma vizuri. Kisha sauti ikawa nzito, kama meno yanapozama kwenye gogo. Akabonyeza swichi ya kuzima, ikaendelea. Mara akasikia mti ukilia na kupasuka polepole juu ya kichwa chake. Akajitupa pembeni. Kimya.

Mlango ukafunguliwa. Shemeji alikuwa amekuja kuulizia kazi yake.

"Ulikuwa unakata nini humu?"

"Sijakata kitu, shemeji."

Mjane akamsogelea, akampangusa begani. Kiganjani mwake likabaki vumbi la mbao, bichi, lenye utomvu, na bado lilikuwa na joto.