Dainamo Isiyo na Homa

Simu ililia mara mbili, ikakatika, ikalia tena.

Verna Stoddard akainyakua.

"Shangazi ana homa," ilisema sauti ya Washington. "Dawa inapita kwenu leo, kutoka Yuma. Gari hatulijui."

"Dawa gani?"

"Majina kumi na mawili ya watu wetu. La Wendell ni la tatu."

Laini ikafa.

Wendell alikuwa kaka yake. Alikuwa ng'ambo ya mpaka, Sonora, akijifanya mnunuzi wa ng'ombe. Orodha ile ikivuka leo, kesho anazikwa.

Verna akatia bastola yake ya Colt mfukoni mwa aproni, akarudi kukata pai ya pichi. Kiangazi kile cha 1926, Gila Bend nzima ilimjua kama mhudumu wa mkahawa wa gereji, basi. Na joto? Kuku walikuwa wanataga mayai yaliyokwisha kuchemka. Asiyeamini akawaulize kuku.

Saa sita mchana yakaingia magari matatu.

La kwanza, taa zinawaka.

La pili, taa zinawaka.

La tatu, giza.

Kisu cha Verna kikasimama hewani.

Jangwani, safari ndefu ya mchana ni taa kuwaka. Dainamo za siku zile hazikujua kutosheka. Betri ikijaa, zenyewe zinazidi kumimina umeme mpaka zinajiunguza. Ukiwasha taa, zinakula ziada, dainamo inapumua. Hata mbuzi wa Arizona walilijua hilo.

Akashuka bwana mwembamba, suti ya kitani.

"Daktari Fitch, wa meno. Kahawa, dada."

"Umetoka mbali, daktari?"

"Yuma. Sijasimama popote."

"Bila taa? Utaunguza dainamo."

Fitch akacheka. "Taa mchana! Jua lote hili haliwatoshi?"

"Mwache, Verna," akadakia Otis Harbin, fundi wa gereji. "Ikiungua namuuzia nyingine, naye aning'olee gego. Ngoma droo!"

Verna hakucheka. Akabeba ndoo, akaenda kwenye gari.

"Nakuongezea maji, daktari."

"Usiguse!"

Alisema haraka mno.

Lakini Verna alikwisha inua boneti. Rejeta ilikuwa inafoka mvuke. Verna akaweka kiganja juu ya dainamo, pale ambapo baada ya mwendo ule ngozi ingebaki.

Vuguvugu. Kama uji wa mgonjwa.

Dainamo iliyotoka Yuma bila taa, na haina homa?

Hii haikuzalisha chochote.

Fitch akaruka ndani ya gari, akabonyeza starta.

Tik.

Akabonyeza tena.

Tik.

Betri ilikuwa imelisha plagi njia nzima, yenyewe haikulishwa hata tone. Mkono wa Fitch ukaingia kotini. Mdomo wa Colt ukamgusa sikio.

"Utoe mtupu, daktari. Au nikung'oe jino mimi?"

Mkono ukatoka mtupu.

"Otis, fungua hiyo dainamo."

Spana ikazunguka. Kifuniko kikaanguka. Ndani hapakuwa na waya hata mmoja, ila karatasi iliyoviringishwa kwenye kitambaa cha mafuta.

Majina kumi na mawili.

Verna akalisoma la tatu, akaenda jikoni, akaitia karatasi yote motoni. Kisha akainua simu.

"Shangazi amepona."

Akamfunga Fitch kwenye kiti cha nyuma cha gari lake mwenyewe, akavua aproni, akamtupia Otis.

"Wewe Verna, na pai atakata nani?"

"Kisu si unakijua?"

Otis alipokwisha funga dainamo nzima na betri iliyojaa, Verna akaliwasha gari. Jua lilikuwa utosini.

Akawasha na taa.