Gunia Kavu Dirishani

Kazi ya Parul ilikuwa gunia. Kila siku alililowesha na kulitundika kwenye dirisha la chumba cha kufumia, kisha akanyunyiza maji kwenye sakafu ya udongo chini ya kitanda cha mfumi, ule mtambo wa kufumia nguo. Pale kando ya mto Shitalakshya, Bangladesh, kazi hiyo hata mtoto wa miaka sita anaiweza. Parul alikuwa na kumi na miwili, na alikuwa ameichoka.

Sasa ilibaki siku moja tu dada yake, Lutfa, aolewe. Baba alikuwa akimfumia sari ya harusi kwa uzi wa pamba mwembamba kama unywele. Zilibaki shubiri mbili tu.

Adhuhuri baba alikwenda msikitini. Nje watoto walikuwa wakicheza kriketi, wakipiga kelele ajabu. Parul akaondoa gunia achungulie kidogo tu. Loo, kidogo gani! Upepo mkavu ukavuma chumbani karibu saa nzima. Aliposikia baba akikohoa uani, alilirudisha gunia upesi, kavu vilevile.

Baba akakaa, akarusha kifumio, kile kijiti kinachopitisha uzi. Ta! Uzi ukakatika. Akaunga. Ta! Ta! Punde nyuzi zilizokatika zikawa tisa.

“Lutfa! Hebu njoo! Huu wanga wa kupaka nyuzi umeupika vipi?”

Lutfa alikuja mbio, uso umepakwa manjano ya bibi harusi. “Kama siku zote, baba.”

“Siku zote nyuzi hazikatiki! Au akili imeshatangulia kwa mumeo?”

“Wallahi baba, sikukosea.”

Ta! Wa kumi. Baba akachukua mkasi. “Basi. Naikata hapa hapa. Kesho utavaa ya dukani.”

Machozi yakamtoka Lutfa, yakachora mistari kwenye manjano. Parul akinyamaza, hakuna atakayejua. Mkasi ukafunguka.

“Baba, usikate! Si wanga, ni mimi! Niliondoa gunia nitazame kriketi. Hilo hapo ni kavu.”

Baba akainuka, akaligusa gunia. Akauweka mkasi chini, na Parul alitamani hata apigwe kofi.

“Leteni maji,” alisema baba. “Upesi!”

Wakamwaga maji sakafuni, wakalowesha magunia matatu, wakafunga mlango. Hakuna aliyethubutu kugusa kitanda mpaka alasiri. Ndipo baba akaunga nyuzi zilizosalia, akarusha kifumio mara moja. Kimya. Mara ya pili. Kimya. Lutfa alikuwa ameushika mkono wa Parul hadi unauma.

Jua lilipokuwa likizama, sari ikatoka, nzima.

“Lutfa mwanangu, nisamehe. Nimekuonea,” alisema baba. Kisha akamgeukia Parul. “Pamba hunywa maji yaliyomo hewani. Ikiwa nayo, uzi unakuwa laini, una nguvu, ukivutwa unavutika. Upepo mkavu ukiyanyonya, uzi unakakamaa, ukivutwa kidogo tu umekatika. Umeelewa?”

“Ndiyo, baba.”

“Lakini uzi ukikaukiwa hauna mdomo wa kusema. Wewe unao. Leo umeutumia, na umetuokoa. Ila siku nyingine, Parul, usingoje mpaka mwenzako alie ndipo useme kweli.”