Walinzi wa Paa la Mzee Abdelrahim

Naapa kwa kaburi la babu yangu, haya yametokea. Mkikuta uongo hata chembe, chai na mandazi ya benchi hili lote ni juu yangu.

Paa la Mzee Abdelrahim liliporomoka Kisumu Ndogo, Kibera, asubuhi watu wakinywa chai. Lilimkuta kitandani, likamvunja nyonga. Inspekta Wangoi alipofika, mzee alikuwa ameshapelekwa hospitali, na mkewe Sitti amemshika mpangaji wao mkono asitoroke.

Mpangaji huyo alikuwa Nereah, muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Sitti alimaliza kesi kwa pumzi moja: Nereah huanika omena uani, omena huita marabou, marabou hukaa juu ya paa, paa limeanguka. Basi afungwe.

Wangoi akatazama juu. Wale korongo vipara, mfuko unaning'inia shingoni, walikuwa wamejipanga ukutani kama watu wa matanga. Mmoja akamwachia kitu cheupe begani. Wangoi alijifuta, akaona ameeneza tu. Tangu paa lianguke mkuu wa kituo alikuwa akimpigia simu, akitaka mshukiwa.

"Afande," Nereah akasema polepole, "nikilala ndani leo, kesho meza yangu sokoni ina mtu mwingine. Na hapo ndipo wanangu wanakula."

Majirani walishaanza kumtolea Nereah vyombo nje. Wangoi akampeleka seli, kisha akarudi mbio kwenye kifusi.

Akavaa glavu, akainua bati. Halikukatwa. Misumari ilikuwa mahali pake. Bati lilikuwa limeliwa: juu kinyesi kigumu kama ukoko wa ugali, chini kutu tupu, matundu kama chekeche. Vumbi lilipopanda, Konstebo Mwanzia akakohoa hadi machozi.

Ndani ya kinyesi hakukuwa na omena hata mmoja. Kulikuwa na miguu ya mbuzi, imefungwa pamoja na utumbo kwa kamba ya buluu.

"Omena hana kwato," Wangoi akamwambia Mwanzia.

Tena ukutani palikuwa na alama ya X, rangi nyekundu. Mstari mmoja ulikuwa kamili. Wa pili ulikatika katikati, ukafunikwa na kinyesi. Hilo lilimkera kuliko lile bega.

Mwanzia aliijua kamba. Wauza matumbo wa mtaa wa Kongo, kule Kawangware, hufungia mzigo kwa kamba kama hiyo. Wakaenda, wakauliza ni nani hupeleka mzigo Kibera. Watu wakaonyesha kibanda cha Walid, mpwa wa Mzee Abdelrahim.

"Kamba hii ni yako?"

"Kamba ni kamba, madam."

"Na hizi kwato?"

"Mbuzi wote wako nazo."

"Walifikaje juu ya paa la mjomba wako?"

"Labda walipanda kuangalia mtaa."

Wangoi hakucheka. Alimpakia kwenye gari pamoja na ndoo yake ya matumbo.

Walid alipoweka mguu uani kwa mjomba wake, marabou wakashuka kutoka mapaa yote, wakamzunguka kama watoto na mwenye peremende. Mkubwa wao akachungulia ndoo, akanyoosha shingo, akamlilia sikioni kwa sauti ya punda, sauti iliyosikika hadi Riruta.

"Shahidi amekutambua," Wangoi akasema.

Walid akakaa chini. "Mimi hubeba tu, madam. Aliyeagiza yuko hospitali. Muulize."

Mzee Abdelrahim alikuwa kitandani, mguu umefungwa, akikohoa. Daktari alimwambia Wangoi kikohozi kile kilianza kabla ya ajali. Vumbi la kinyesi cha ndege lilikuwa limeingia mapafuni, na majirani nao wapimwe.

"Mzee, ulikuwa ukiwalisha?"

Mzee akavuta shuka hadi kidevuni.

"Nereah yuko seli."

"Najua."

"Ile X iliyokatika ni ya nani?"

Mzee akageukia ukuta, ndipo akasema. Wapimaji wa barabara walikuja na rangi nyekundu, kutia X kwenye nyumba za kubomolewa. Nyumba ile aliiacha babu yake, askari aliyeletwa kutoka Sudani, wala haina karatasi. Siku hiyo mchoraji alipanua mdomo kumwita mwenzake, marabou akaachilia kinyesi, kikaingia chote. Mtu akakimbia. Walirudi mara ya pili, wakakimbia tena.

"Nikaona Mungu ameniletea askari," mzee akasema. "Na askari hula."

"Wakala na paa."

"Walilinda lakini. Hakuna aliyemaliza ile X."

"Na mama wa watu ukamwacha ndani?"

"Ningesema, wangejua ni ndege wa kulishwa. Wangewafukuza, halafu warudi na rangi yao."

"Paa halipo tena, Mzee. Unalinda nini?"

Alikohoa muda mrefu. "Mtoeni Nereah," akasema. "Andika ni mimi."

Nereah alitoka mchana huohuo, akakimbilia sokoni. Mezani kwake alikuta mtu ameketi kweli. Alikuwa Sitti, anamfukuzia nzi kwenye omena.

Nilipofika hapo, Hadia, mwenye mandazi, akaweka mwiko chini.

"Babu, huyo marabou alilia?"

"Kama punda."

"Mimi nimezaliwa chini ya mti wao. Marabou hana sauti. Hugonga mdomo tu, ka-ka-ka."

Benchi lote likanigeukia. Nikaingiza mkono mfukoni, nikalipia hata waliokuja mwishoni. Chai yangu niliinywa nimeifunika kwa kiganja, maana juu ya paa la Hadia kulikuwa na mmoja, ananitazama.