Kikombe cha Saba

Foleni ya dirisha la dawa ilikuwa imepinda mara mbili ndani ya ukumbi wa kliniki, na mkia wake ulikuwa nje juani. Watoto walilia, nesi aliita namba kwa sauti iliyokwisha kukauka, na kila mtu alikuwa na kinyongo na aliyemtangulia. Mfinyanzi hakuwa na neno na aliyemtangulia. Hasira yake yote ilikuwa kwa kijana mmoja aliyeegemea ukuta, shati la bluu limenyooka kwa pasi, kalamu sikioni, daftari mkononi, akimkodolea macho baba yake Mfinyanzi.

Baba alikuwa akinywa maji. Kwa watu wengine hilo ni jambo dogo. Kwake yeye, ambaye mikono ilikuwa inatetemeka kwa mwaka wa tatu sasa, ilikuwa kazi nzito: kushika kikombe kwa viganja viwili, kuinamisha shingo, kukimbiza mdomo ukingoni, na nusu ya maji kuishia kifuani. Kijana akaandika kitu.

"Kaka," Mfinyanzi alimwendea, "umekosa sinema ya kutazama?"

"Samahani, dada. Nilikuwa natazama kikombe tu."

"Kikombe! Na unachoandika ni nini? Hebu lete."

Alimpokonya daftari kabla hajajibu. Alitarajia kukuta kejeli. Alikuta michoro: vikombe vyenye mikono miwili kama masikio, vikombe vyenye vifuniko, mishale, vipimo.

"Tuko watano," kijana alisema haraka, kama mtu anayejitetea polisi. "Tuna karakana nyuma ya soko la mbao. Tunatafuta kikombe ambacho mtu anayetetemeka atanywea bila kumwagikiwa. Sikumcheka Mzee. Naapa."

Mfinyanzi alikuwa na miaka sita katika kiwanda cha vyombo, akiumba mifano ya udongo kabla ya kuchomwa. Alitazama mchoro wa mwisho, akasonya.

"Hiki kitamng'oa mtu meno. Ukingo umesimama wima. Mkono ukitetemeka, unajigonga. Uulaze hivi." Akachukua kalamu sikioni mwa kijana bila kuomba, akachora juu ya mchoro wake, akikandamiza mpaka karatasi ikatoboka.

"Usimjali, kijana," Baba alisema akijifuta kidevu. "Huyu anagombana hata na birika."

Kijana alicheka. Alikuwa na mwanya, na alipocheka uso wote ulifunguka. Mfinyanzi aliuona mwanya ule, akakasirika zaidi, kwa sababu aliupenda.

Baada ya wiki tatu aliaga kiwandani, akahamia karakana.

Kule, kijana yule hakuna aliyemwita jina lake. Alikuwa Bwana Vikaratasi, kwa sababu ya ubao mkubwa ukutani na karatasi ndogo za njano alizobandika juu yake, kila kazi na karatasi yake. Karatasi ilianza safu ya Inasubiri, ikahamia Inafanyika, ikafika Imekwisha. Pembeni kabisa palikuwa na safu nyembamba ya nne, Tumeacha. Kila asubuhi wote watano, na sasa sita, walisimama mbele ya ubao kwa robo saa. Hakuna kukaa. Kila mtu alisema jana alifanya nini, leo atafanya nini, na ni kitu gani kinamkwamisha.

Hawakupanga kazi ya mwaka mzima kisha wakamwachia Mungu. Waliikata kazi kwa mizunguko ya wiki mbili. Kila mzunguko ulizaa kikombe kimoja, kizuri au kibaya, na Ijumaa ya mwisho kikombe kile kilipelekwa kwa mtu akinywee. Kikimshinda, walikiacha bila kulia, wakaanza kingine. Na chini ya ubao palikuwa na sheria moja, kwa mwandiko wa Bwana Vikaratasi mwenyewe: karatasi isiyo na mtu wa kuisemea asubuhi itaamuliwa Ijumaa na waliopo.

Mtu wa kunywea alikuwa Baba. Ilianza hivyo kwa urahisi tu. Mfinyanzi alikuwa naye nyumbani, kiti chake kilikuwa dirishani, na alipenda wageni. Kikombe cha kwanza kilivuja. Cha pili kilikuwa kizito kama nyundo. Cha tatu, Baba alisema, ni sawa na kunywea kiatu.

"Kiatu cha namna gani, Mzee?" Bwana Vikaratasi aliuliza, kalamu tayari.

"Cha askari. Andika hivyo hivyo."

Ijumaa zile Bwana Vikaratasi alibaki mpaka jua lizame, hata kama kikombe kilijaribiwa kwa dakika kumi. Alivaa mashati mazuri siku hizo. Baba aliona, akajitia hamnazo. Ikafika siku Bwana Vikaratasi akaanza kumpigia Mfinyanzi simu.

"Unafanya nini, mpenzi?"

"Nimekasirika."

"Na nani tena?"

"Na kifuniko. Hakikai."

"Kipe salamu zangu. Kiambie nakionea wivu, kimekaa mikononi mwako tangu asubuhi."

"Mjinga wewe," alisema, na akabaki na simu sikioni muda mrefu baada ya kukata.

Kikombe cha saba Mfinyanzi alikiumba kwa mkono wa Baba wenyewe. Alimpa udongo mbichi afumbate, akafuata kila bonde lililoachwa na vidole vyake vya useremala, akaupeleka kwa fundi wa plastiki pale karakana. Ijumaa ile Baba alikunywa chai yote. Alikigeuza kikombe juu chini kuwaonyesha. Halikudondoka tone.

"Leteni nyingine," alisema. "Na sukari isiwe ya kupimiana."

Mfinyanzi alitoka nje, akalia nyuma ya mlango. Bwana Vikaratasi alimfuata, akamfuta machozi kwa mkono wa shati lake jeupe, na wanja wa macho ukaganda pale. Hakulifua shati lile.

Kwa siku kumi na mbili Baba alikunywa mwenyewe, bila kushikiwa. Jumatano ya mzunguko uliofuata hakuamka.

Walimzika Alhamisi. Bwana Vikaratasi alikuja kila siku ya msiba. Alibeba viti, alichota maji, aliwapokea wazee mlangoni.

"Huyu anajua kubeba viti," Shangazi alimnong'oneza Mfinyanzi. "Mwanamume wa namna hii humwachi, mwanangu."

Ijumaa jioni aliketi karibu naye, akamshika mkono, akasema, "Pole, mpenzi wangu." Hakusema neno lingine, na Mfinyanzi alimshukuru moyoni kwa ukimya ule.

Alirudi kazini baada ya wiki mbili, gauni jeusi limefungwa mpaka shingoni, macho bado mazito. Wenzake walikuwa wamesimama mbele ya ubao. Walipomwona wakanyamaza wote kwa pamoja, na ukimya huu haukuwa wa pole. Akaufuata mtazamo wa fundi wa plastiki, ambao ulikuwa unakimbia kitu. Karatasi yake ilikuwa katika safu nyembamba ya Tumeacha. *Kikombe cha saba*. Chini yake, tarehe ya Ijumaa. Ijumaa ile.

"Nani ameihamisha?"

"Mimi," Bwana Vikaratasi alisema. "Naomba tuzungumze nje."

"Zungumza hapa. Si mnasimama hapa kila siku kusema mlichofanya jana? Sema. Ulifanya nini Ijumaa?"

"Asubuhi ile tulikichukua kwenu, tukakipeleka kliniki. Watu tisa. Saba walimwagikiwa. Na hakukuwa na mtu wa kuisemea karatasi, sheria..."

"Mtu wa kuisemea alikuwa anazika!"

Fundi wa plastiki akaweka chini bisibisi polepole, kama inayoweza kulipuka.

"Baba yangu yuko kaburini siku moja," Mfinyanzi alisema, sauti imeshuka, na hiyo ndiyo iliyowatisha, "siku moja, na wewe unabandua kikombe chake ukutani. Kisha unaoga, unabadilisha shati, unakuja kwetu unanishika mkono. Mkono wenyewe ni huo? Nionyeshe. Huo huo?"

"Ningekuambia vipi pale msibani?"

"Ungenyamaza na karatasi, kama ulivyoninyamazia mimi! Wiki mbili zingekudhuru nini?"

Mfinyanzi alikwenda kabatini, akachukua kikombe cha saba, akakitia mkobani, akapita katikati yao bila kumgusa mtu.

Simu ililia kutwa. Aliipokea mara moja tu.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Mahali ambapo wewe hupo."

"Nisikilize dakika moja."

"Nilikusikiliza Ijumaa. Ulisema pole. Kumbe ulikuwa unajipa pole mwenyewe." Akakata.

Shangazi alimkuta ameketi kwenye kiti cha Baba, kikombe mapajani, taya zimekaza.

"Watu saba," Mfinyanzi alisema. "Uongo. Walishika vibaya tu. Hakuna aliyewaonyesha. Kesho nakwenda mwenyewe, wananywa, nambandikia majina yao usoni."

"Na wakimwagikiwa?"

"Shangazi, usinianze."

"Sikuanzi. Nauliza tu." Shangazi aliendelea kukunja nguo za marehemu kaka yake, moja juu ya nyingine, bila kuinua uso.

Asubuhi Mfinyanzi alikuwa kliniki kabla dirisha halijafunguliwa. Alimchagua bibi mmoja wa mtandio wa kijani, mkono wake wa kulia ukicheza mapajani. Akamwamkia, akaeleza, akamwonyesha mahali pa kuweka kila kidole. Akajaza maji. Akapiga magoti mbele yake.

Bibi aliinua. Kidole gumba hakikupata mahali pake, kikateleza, kikombe kikapinduka upande, maji yote yakamwishia kifuani.

"Mwanangu!" Bibi alifoka. "Mimi nimekuja kuchukua dawa, sikuja kuoga!"

"Samahani, bibi. Tujaribu tena. Gumba liweke ndani zaidi, lipinde hivi..."

"Nilipindeje? Gumba langu limenyooka tangu nizaliwe. Hiki kikombe umemtengenezea nani?"

Mfinyanzi alikitazama kikombe, kisha gumba la bibi.

Gumba la Baba lilikuwa limepinda kwa ndani. Msumeno ulilipinda alipokuwa kijana, na Mfinyanzi alilishika gumba lile tangu utotoni, kuvuka barabara, kwenda shule, mpaka hakuliona tena kuwa limepinda. Alikuwa ameliumba vilevile.

Hata hivyo hakukubali upesi. Alimpa dereva mmoja wa makamo, akamwagikiwa. Alimpa mwalimu mstaafu, aliyekunywa nusu kwa adabu, nusu nyingine ikalowesha tai. Mara hii Mfinyanzi aliketi chini sakafuni, katikati ya miguu ya watu wa foleni, akakipakata kikombe, akalia kwa hasira kama mtu aliyeibiwa. Alimkasirikia Bwana Vikaratasi kwa kusema kweli. Alimkasirikia Baba kwa kuondoka na mkono wake. Bibi wa mtandio wa kijani alimwinamia.

"Ni mzazi?" akauliza.

"Baba."

"Haya, lia. Nitakushikia mkoba."

Alipomaliza akapiga simu.

"Njoo kliniki."

"Nakuja, mpen..."

"Usinibembeleze. Lete udongo."

Alifika mbio, shati limetoka kwenye suruali, donge la udongo kwenye mfuko wa plastiki. Mfinyanzi alisimama.

"Kikombe kinamwaga," alisema. "Ulikuwa sahihi. Na ulinikosea. Hayo ni mambo mawili, usije ukayachanganya ukajiona umeshinda."

"Sikushinda. Ngoja niseme lililobaki, uchukie mara moja, yaishe." Alivuta pumzi. "Mizunguko saba tulimpimia mtu mmoja. Mimi ndiye msimamizi, nilijua tangu kikombe cha tatu kwamba ni kosa. Nilipaswa kuwaita wengine. Sikuwaita."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu Ijumaa zingeisha. Nilipenda kuja kwenu. Nilimpenda Mzee anavyonitukania vikombe. Nikajidanganya ni kazi. Alipofariki nikaogopa, nikakimbilia sheria, nikafanya asubuhi moja nililoshindwa kufanya miezi mitatu. Na nikakuficha. Nisamehe."

Kofi lilimwasha Mfinyanzi kiganjani. Ijumaa zile hata yeye alizipenda, na hata yeye hakuuliza habari za watu wengine.

"Mpumbavu wewe," alisema. "Na mimi mpumbavu. Miezi mitatu, watu kama huyu bibi wanaloa, sisi tunachekeana dirishani."

"Ndiyo."

"Usiniitikie ndiyo, ndiyo! Gombana na mimi!"

"Siwezi. Nataka kukuoa."

Foleni nzima iligeuka. Nesi aliyekuwa akiita namba akasahau namba.

"Sasa hivi?" Mfinyanzi alipaza sauti. "Huoni nilivyokasirika?"

"Naona. Nikingoja siku ambayo hujakasirika nitazeeka."

Dereva aliyemwagikiwa alicheka kwa nguvu. Mfinyanzi alimpa Bwana Vikaratasi kisogo, akampokonya mfuko, akakata donge la udongo. Kikombe cha saba alikifunga kwenye khanga, akakitia chini kabisa ya mkoba. Kingekaa nyumbani, dirishani, wala hakingerudi ubaoni. Kisha akapiga magoti mbele ya bibi.

"Lete mkono, bibi. Fumbata, usikaze. Kama unavyoshika siku zote."

"Na huyu kijana umemwacha amesimama?" Bibi aliuliza, vidole vyake vikizama taratibu kwenye udongo.

"Amezoea kusimama."

"Mjibu, mwanangu. Wengine hapa tuna wagonjwa nyumbani."

Mfinyanzi aliukandamiza udongo chini ya gumba lililonyooka. Machozi yalikuwa yamerudi, na hakutaka yaonekane.

"Ndiyo," alisema bila kugeuka. "Lakini bado nimekasirika."

"Mpaka lini?" Bwana Vikaratasi aliuliza nyuma yake.

"Usinipangie."