Nthenya na Betri ya Maji ya Chumvi

Nthenya alifungua mashine yake ya kuangulia mayai. Hakusikia joto. Aligusa yai moja, lilikuwa baridi. Aligusa jingine, nalo baridi. Vifaranga walikuwa karibu kutoka.

"Mulwa!" aliita. Siku nyingine angemwita mumewe Baba Kavindu, lakini asubuhi hiyo heshima ilimwishia.

Mulwa alikuja na bakuli la muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, mkononi. "Sola imezima tena?"

"Betri yako imezima! Hii ni mara ya pili. Na mayai haya ni ya Mbithi. Nitamwambia nini?"

"Si niliijaza maji juzi."

"Maji gani?"

"Haya ya kisima. Kwani kuna mengine?"

Maji ya kisima chao ni ya chumvi. Ukichemsha chai, sufuria inabaki na ukoko mweupe. Ndiyo Mulwa aliyoinywesha betri mwaka mzima.

Mbithi alikuja kabla ya saa sita. Ni mjane, na yeye na Nthenya wako mwethya mmoja, kikundi cha akina mama cha kusaidiana. Alipasua yai moja, akaona kifaranga kimekufa kikiwa tayari na manyoya.

"Nilikuletea yote, Nthenya. Sikubakisha hata la kumpikia mtoto," alisema. "Nitawaambia wenzetu wasilete mengine."

Nthenya alitamani ardhi immeze. Bila mayai ya mwethya, mashine ingekuwa kabati tu.

Walienda sokoni Tawa. Muuzaji mmoja wa vifaa vya sola hakutaka hata kuuliza shida. "Mama, hiyo sola ni ya zamani. Tupa yote, ununue seti mpya."

"Tutauza ng'ombe wa kulima," Mulwa alisema.

"Uuze ng'ombe, halafu mvua ikinyesha ulime na meno?" Nthenya alifoka, akatoka dukani.

Alimwita jirani yao Nasreen, fundi wa sola. Nasreen alipima paneli juani kwa mita yake.

"Paneli bado nzima," alisema. "Ina vumbi tu, ioshe. Betri ndiyo imekwisha. Betri hii ya madini ya risasi inataka maji ya betri ya dukani. Chumvi inaiua. Lakini hata mngeitunza, imezeeka."

"Basi nitaiwekea maji mazuri," Mulwa alisema.

"Wewe na maji!" Nthenya alimkatiza.

"Utakuwa unamuuguza maiti, Baba Kavindu," Nasreen alisema. "Mliponunua hii, betri za lithiamu zilikuwa za matajiri. Siku hizi bei imeshuka sana. Lithiamu inadumu miaka mingi zaidi, na haiongezwi maji. Nunueni hiyo. Mbadilishe na kontrola, hiki kidude kinachoongoza chaji. Hii ya zamani inaweza kuharibu lithiamu. Paneli, waya na mashine, bakini nazo. Na mdai waranti ya maandishi."

"Kwa hivyo yule alitaka nitupe paneli nzima?" Nthenya aliuliza.

"Hakuipima. Asiyepima asikwambie utupe."

Nthenya alikasirika upya. Waliuza mbuzi, wakanunua betri ya lithiamu na kontrola mpya, ng'ombe akabaki zizini. Betri ya zamani hawakuitupa shambani, kwa maana risasi ni sumu kwa watoto na kwa udongo. Mulwa aliisukuma kwa mkokoteni hadi kwa wanaonunua betri kuukuu, jua la mchana likimchoma. Nthenya alikataa kumpokea mkokoteni hata kidogo.

Kisha aliweka mayai ya kuku wake mwenyewe, akamtumia Mbithi ujumbe: vifaranga wa haya ni wako. Safari hii mashine haikupoa hata mara moja, hata siku za mawingu. Vifaranga walipotoka, Mbithi alikuja na kikapu. Aliwatazama mmoja mmoja, miguu, macho, mabawa. Hakutabasamu.

"Nimekusamehe nusu," alisema.

"Na nusu ile nyingine?"

Mbithi alifunika kikapu kwa leso. "Ngoja kwanza hawa watage."