Mashine Iliyodhani Mlango Umefungwa

Augustine, mwenye karakana ya vinyago pale Mwenge, alikutwa amekufa kifudifudi juu ya gogo la mninga, mkono wa kulia ndani ya mashine ya kuchongea. Mlango wa kioo ulikuwa wazi. Ukifunguliwa, mashine hujizima. Safari hii haikujizima.

Inspekta Tusajigwe alikagua swichi ya mlango. Nzima. Nyaya nazo nzima. Akachukia. Alimwita Brightson, mtaalamu wa kompyuta wa polisi.

"Kosa liko kwenye programu, afande. Taarifa hupangwa kwenye kumbukumbu kama vyombo kabatini, na katikati huachwa nafasi. Programu ya swichi, inayotuma taarifa, imebanwa, nafasi zimeondolewa. Ya mota, inayozipokea, bado inaziacha. Mashine ikitafuta taarifa ya mlango, inagusa patupu."

"Patupu maana yake?"

"Sifuri. Kwa mashine, sifuri ni mlango umefungwa."

"Bahati mbaya?"

"Ingekuwa hivyo, taarifa nyingi zingevurugika. Kwenye mashine ya pili, ambayo haijaguswa, mlango unatangulia kwenye orodha ya taarifa. Hapa umehamishiwa mwisho, baada ya nafasi."

"Ili upotee peke yake."

Programu zote za karakana ile ziliandikwa na Salsabil, binti wa Temeke. Akaletwa kituoni.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Nani kauhamisha mlango?"

"Mie. Nilikuwa nabana taarifa ziende haraka."

"Upande mmoja tu?"

"Nilisahau."

"Hukusahau, binti. Nimewahoji mafundi; wote huzima mashine kwanza. Augustine peke yake ndiye aliyekuwa akifungua na kupangusa vumbi kwa mkono. Ulimjua."

Salsabil akaacha kujikunyata. Chuki aliyokuwa ameificha ikamjaa usoni.

"Ndiyo, nimemuua. Sijuti hata kidogo. Kaniulia Aiman wangu!"

"Aiman ni nani?"

"Kaka yangu. Mwaka jana, mashine hiyohiyo. Augustine aliibana swichi kwa selotepu ili kazi isisimame. Aiman alipokufa, akaibandua. Halafu akaja msibani kwetu, akala pilau yetu, akamwambia mama mbele za watu kuwa mwanawe alikuwa kalewa. Kaka yangu hajawahi kuonja pombe! Mama hadi leo hatoki nje."

"Ungekuja polisi."

"Nilikuja." Akamkazia macho. "Nilikukuta wewe, afande, meza hiihii. Ukaniambia niende nyumbani nikapumzike."

Tusajigwe alivuta daftari la mwaka jana, akaanza kutafuta jina la Aiman.