Joto Lililomhama Obrad

Wewe, ukikuta nyoka amejikunja sebuleni kwako, utafanya nini? Usijibu haraka. Huko Zaječar, mji wa Serbia, nako watu hujibu haraka, hasa waliosoma.

Zorka alikuwa amesoma. Alifundisha fizikia, na sebuleni kwa mama mkwe wake, Stamena, alifuga chatu mdogo, Mrvica, ndani ya sanduku la kioo. Hakubahatisha: mkeka wa joto chini ya sanduku, kidhibiti cha umeme, vipimajoto viwili, maana kimoja kikidanganya cha pili kitakiumbua. Nyuzi thelathini na mbili, basi.

Jumatatu moja ya Januari vyote viwili vilisoma thelathini na sita.

"Mama, umegusa kidhibiti?"

"Mimi na hilo dude lako tuna ahadi gani?" Stamena alikuwa akimenya viazi. "Nyumba hii ina nyoka wake, chini ya kizingiti, tangu enzi za babu wa mwanangu Obrad. Huyo hatumlipii umeme."

"Hilo ni jini la hadithi, mama."

"La hadithi, sawa. Lakini likiuawa, mwenye nyumba hulifuata kaburini."

Obrad, mume wa Zorka, hakucheka. Alikuwa amevaa koti humo humo ndani, kando ya tanuri la kuni.

Jumanne Zorka alibadilisha kidhibiti. Thelathini na nane. Jumatano aling'oa waya ukutani, akamhamishia Mrvica kwenye beseni, na sanduku tupu, lisilo na umeme wala kiumbe, likazidi kupata moto huku likitoa harufu ya magamba yanayoungua. Alipomshika Obrad mkono ili amwonyeshe, ulikuwa baridi kama bomba la maji la nje. Akampima, thelathini na nne. Daktari akampima, akakikung'uta kipimajoto, akaomba kingine. Na kuanzia hapo, mchana kweupe, ukasikika mkwaruzo chini ya mbao za sakafu, ukianzia kizingitini, ukipita chini ya meza, ukifika kwenye kiti cha Obrad na kutulia hapo, na akihama kiti nao unahama, taratibu, kama kitu kisicho na haraka kwa sababu kinajua hesabu inavyoishia.

"Unasikia?" Zorka alinong'ona.

"Mbao tu," Obrad alisema. Meno yalikuwa yakigongana kwa baridi.

Jumamosi Stamena alimleta mganga, bibi Dobrunka, aliyekuja na risasi, ile metali laini, ya kuyeyusha na kumimina majini ili kufichua kinachomsumbua mgonjwa. Walimfunika Obrad shuka. Zorka, ambaye angeweza kueleza ubaoni kwa nini risasi hujipinda ikiingia majini, ndiye aliyeshika bakuli la maji juu ya kichwa cha mumewe. Mara tatu bibi alimimina. Mara tatu kilitoka kitu kilichojikunja, hakina kichwa.

"Hiki hakiondoki kwa risasi," bibi alisema polepole. "Kinataka kauli ya aliyekikosea. Ni nani humu?"

Stamena alimtazama mkwewe. Zorka alikuwa akitazama shuka, ambalo halikuwa likipanda na kushuka inavyopasa.

"Obrad," alisema. "Sitaki maelezo yenye mantiki. Sema tu."

Chini ya sakafu kukawa kimya.

"Jumapili iliyopita," Obrad alisema ndani ya shuka. "Yule nyoka wa kizingiti alikuwa chini ya sanduku, juu ya ule mkeka. Alikuja kuota joto tu, mama, na mimi nilimjua. Nikampiga kwa sepetu, nikamtia ndani ya tanuri. Alikuwa bado anajongea. Nikafunga mlango."